Gharama Zimebaki, Walinzi Wameondoka: Ndoa na Familia katika Ukanda wa Kisaki



Katika vigango vya tambarare ya Kisaki, kusini mwa Milima ya Uluguru, kama ilivyo katika parokia nyingi za nchi yetu, liko neno linalotamkwa kwa kicheko: “sogea tukae”. Ndilo jina walilopewa mwanamume na mwanamke wanaoanza kuishi kama mume na mke pasipo kufunga ndoa ya aina yoyote, iwe ya Kanisa, ya serikali au ya kimila. Wengi wao ni wabatizwa. Wanahudhuria Misa, wanatoa zaka, wanashiriki katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na watoto wao wamo katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Lakini unapofika wakati wa kukomunika, wao hubaki kwenye mabenchi, mwaka hata mwaka.

Ni rahisi kusema kwamba vijana wa leo wameidharau ndoa. Sisi hatuoni kwamba maelezo hayo yanatosha. Wengi tunaozungumza nao huitamani ndoa, huionea fahari na huiogopa kwa wakati mmoja. Ukiwauliza kwa nini hawajafunga, jibu si kwamba hawaitaki. Jibu ni “tunajipanga, Padre”. Kujipanga huko huchukua miaka mitano, kumi, hata kumi na mitano. Hivyo basi swali linalotupasa kulichambua ni hili: ni kitu gani kilichokuwapo zamani kikiwasaidia watu kufika katika ndoa, ambacho sasa hakipo?

Njia iliyokuwa na vituo

Waluguru, na vivyo hivyo majirani zao Wakutu wa huku tambarare, ni watu wa ukoo wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake; ardhi ya ukoo hupita katika mstari huo; na mjomba, yaani kaka wa mama, ana sauti kubwa katika mambo ya wapwa zake. Kwa hiyo ndoa katika milima hii haikuwa kamwe mapatano ya watu wawili peke yao. Ilikuwa makutano ya koo mbili, nazo koo hizo zilihitaji kujua wazi nani ni mkwe wa nani, nani atalima wapi, na watoto watasimama upande gani.

Ndoa hiyo ilikuwa njia yenye vituo. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundishwa na wanawake wazima wajibu wa mke na mama. Kijana alipompenda binti hakwenda mwenyewe, alituma mshenga. Posa ikapelekwa, ikajibiwa. Wajomba wakakaa. Mahari ikatajwa, na katika jamii za upande wa mama kwa kawaida haikuwa mzigo mkubwa kama ilivyo kwa jamii za wafugaji. Kijana alionesha utu wake zaidi kwa kazi na heshima mbele ya wakwe. Ndipo ikaja harusi.

Tuangalie vema muundo wa njia hiyo. Kila kituo kilikuwa na mlinzi wake: kungwi, mshenga, mjomba, shangazi, wazee wa koo zote mbili. Walinzi hao hawakuacha vijana wasimame katikati ya njia. Kijana akichelewa, mshenga aliulizwa. Binti akionewa, mjomba alifunga safari. Ndoa ikitikisika, waliokula posa waliitwa waje wasuluhishe kile walichokishuhudia. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Kilichoipa ndoa nguvu yake ni kwamba neno la mume na mke lilikuwa limesikiwa na watu, na watu hao waliwajibika kulilinda.

Reli, ufuta na bwawa

Kisaki imebadilika, na hatuna haja ya kuyalilia mabadiliko hayo yote. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kuanza huduma rasmi mwaka 1976, ilifanya Kisaki kuwa kituo kati ya Dar es Salaam na Zambia. Ardhi nzuri ya ufuta, mpunga na mahindi ikavuta wakulima kutoka mbali. Wafugaji wakashuka na mifugo yao. Mwaka 2019 ulianza ujenzi wa bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kazi hizo zilileta wanaume na wanawake kutoka kila mkoa, wakapanga vyumba, wakafahamiana, wakaanza maisha.

Matokeo yake ni kwamba wanaokutana hapa sasa hawana wazee wa pamoja. Kijana ametoka Shinyanga, binti ni wa Matombo. Kwa kijana, watoto ni wa ukoo wa baba, nao ng'ombe wa mahari ndio wanaothibitisha jambo hilo. Kwa binti, watoto ni wa ukoo wa mama, na hakuna ng'ombe anayeweza kulibadilisha. Wakifunga ndoa kwa utaratibu, pande mbili hukaa na kupatana. Wasipofunga, jambo hilo hubaki limelala mpaka siku ya msiba au ya ugomvi. Siku hiyo ama koo zote mbili huwadai watoto, ama zote mbili huwakana.

Wakati huohuo gharama za vituo vile hazikupungua, zimeongezeka. Mahari hutajwa kwa fedha taslimu, na mara nyingine kwa kutazama kiwango cha shule alichofikia binti. Juu ya mahari huja kicheni pati, sendofu, kamati ya harusi, kadi za michango, ukumbi, sare, mpiga picha na mshereheshaji. Mkulima anayengoja ufuta uuzwe ili apeleke mtoto sekondari hawezi kubeba mzigo huo, naye anaona aibu kufunga ndoa “kimyakimya” kana kwamba ana jambo la kuficha. Basi anasogea, anakaa, anajipanga.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo tungependa waamini wetu walitafakari. Vituo vya ndoa ya jadi vimebaki katika sura ya gharama, lakini walinzi wa vituo hivyo wameondoka. Mjomba anakumbukwa siku ya kugawana mahari, hakumbukwi siku ya kusuluhisha. Mshenga amegeuka mpelekaji wa bahasha. Wanaoishi katika sogea tukae, kwa sehemu kubwa, ni wasafiri walioachwa katikati ya njia bila mtu wa kuwauliza kwa nini hawafiki.

Sheria ya nchi yasaidia wapi, na yakomea wapi

Tumesikia wengine wakisema, “Tukishakaa miaka miwili, sheria inatutambua, sisi ni mke na mume.” Kauli hii ina chembe ya ukweli na hatari kubwa, kwa hiyo inafaa ielezwe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa muda wote wa maisha yao. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambuliwe na watu kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kwamba walifunga ndoa. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa. Upande wa pili ukileta ushahidi kwamba hapakuwa na ndoa, dhana huanguka. Ikianguka, sheria kwa huruma yake humruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama yaweza kutoa nafuu nyingine. Kifungu hiki kiliwekwa ili mwanamke asitupwe nje mikono mitupu, nacho kinastahili shukrani.

Hata hivyo, tazama kinafanya kazi lini. Kinafanya kazi nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Kinahitaji kesi, mashahidi, nauli ya kwenda mahakamani na miezi ya kusubiri. Tufikirie mama aliyeishi na mwanamume miaka kumi na mmoja, akalima naye, akajenga naye nyumba ya matofali. Mwanamume anafariki. Kabla ya arobaini, ndugu wa marehemu wanafika na kusema, “Huyu hatumjui; kaka yetu hakuoa.” Mama huyo sasa, katikati ya machozi, anapaswa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Mwenzake mwenye cheti cha ndoa anaanzia mahali pengine kabisa. Sheria hiyohiyo inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Nayo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Ulinzi huu mkubwa husimama imara zaidi pale ambapo ndoa yenyewe haina shaka.

Liko pia jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kwa sheria ya nchi, kutolipwa mahari au kutotimizwa desturi za zawadi hakuibatilishi ndoa iliyofungwa kihalali. Kanisa vilevile halijawahi kuiweka mahari kuwa sharti la sakramenti. Mahari ni desturi nzuri ya shukrani, lakini mzazi asiseme kwamba binti yake hawezi kufunga ndoa kwa sababu bado kuna salio.

Si kila cha kale ni cha kurudishwa

Tunaposifu ndoa ya wazee wetu, tusije tukaeleweka kwamba tunasifu kila kilichofanyika ndani yake. Kumtoa binti mdogo unyagoni na kumkabidhi kwa mume ilhali bado ni mtoto hakukuwa jambo jema, na leo ni dhuluma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari likawa kosa la kifungo cha miaka 30. Mkristo hapaswi kuzitii sheria hizi kwa kuogopa jela tu. Kwa mafundisho ya Kanisa, kinachofanya ndoa ni ridhaa huru ya wawili (Kanuni 1057), na mtoto aliyetishwa na mjomba hana ridhaa ya kutoa.

Vivyo hivyo kuhusu mitara. Sheria yetu inaitambua ndoa ya wake wengi, lakini hairuhusu ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani kugeuzwa kuwa ya mitara maadamu wote wawili wanaendelea kuikiri imani hiyo. Mwezi Novemba 2025, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa hati iitwayo “Una Caro”, yaani Mwili Mmoja, inayoeleza uzuri wa ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Na sisi Waafrika tumo miongoni mwa waliokusudiwa kuisoma kwa makini. Mwanamume mwenye mke wa ndoa kijijini na mwingine wa sogea tukae kituoni hawezi kujitetea kwa mila. Mila ilimtaka ajulikane mbele ya koo zote; yeye anaishi kwa kuficha.

Kanisa lilipokuwa ukoo

Historia ya jimbo letu inaweza kutufundisha hapa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa miongoni mwa watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao wengi walikuwa wamepoteza ukoo, kabila na kwao. Walipokua na kufunga ndoa, familia zao changa ndizo zilizofanya vijiji vya kwanza vya Kikristo, na wamisionari walipoingia bara walikwenda pamoja na familia hizo. Mhonda ilifunguliwa mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na Tununguo, ambayo si mbali sana na Kisaki, mwaka 1884. Jimbo lenyewe likaundwa mwaka 1953.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na wamisionari mara nyingine waliamua mengi mno kwa niaba ya waamini. Lakini jambo moja ni wazi: kwa mtu asiye na mjomba wala shangazi, Kanisa lilisimama mahali pa ukoo. Lilikuwa shahidi wa neno lake, likamtafutia mahali pa kulima, likauliza habari za nyumba yake. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 baada ya Sinodi ya Afrika, alilitambulisha Kanisa letu kuwa ni Familia ya Mungu. Kwa watu wa Kisaki ya leo, waliotoka pande zote za nchi na kukutana kando ya reli, picha hiyo ni kazi ya kufanya.

Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika Wosia wa “Furaha ya Upendo ndani ya familia” wa mwaka 2016, alikiri kwamba wengine huishi pamoja bila ndoa kwa sababu tu sherehe ni ghali, na kwamba umaskini huwasukuma huko. Aliwataka wachungaji wawapokee watu hao kwa subira na kuwasindikiza mpaka waufikie utimilifu wa ndoa. Kusindikiza huko hakuna maana ya kusema kwamba sogea tukae ni ndoa ya aina nyingine. Ndoa ni agano, na agano linahitaji neno la “ndiyo” lisilo na mlango wa nyuma. Wawili wanaoishi bila kulitamka neno hilo, hata wakipendana sana, kila asubuhi wanaamka wakiwa huru kuondoka, na mara nyingi mmoja wao anauhofia uhuru huo kuliko mwingine.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, tutenganishe sakramenti na sherehe. Ili ndoa ya Kikatoliki ifungwe zinahitajika ridhaa ya wawili wasio na kizuizi, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Ukumbi haumo. Sheria ya nchi inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe walau siku 21 kabla, nasi tuna mazoea ya kutangaza ndoa kanisani kwa Dominika tatu; mambo haya mawili yaenda pamoja bila gharama yoyote ya kutisha. Ndoa za pamoja ndani ya Misa ya Dominika, zikifuatiwa na chakula ambacho jumuiya imekipika, zina heshima yote ambayo sakramenti inadai. Tungefurahi kuona familia zenye uwezo zikiwa za kwanza kuchagua njia hiyo, ili maskini asiionee aibu.

Pili, jumuiya zirudishe ulinzi. Viongozi wa jumuiya wanajua nani anaishi na nani. Ujuzi huo usitumike kwa masengenyo. Kila familia inayoishi bila ndoa ipewe mume na mke wakomavu wa kuitembelea, kuuliza kwa upole kilichokwama, na kuifikisha kwa katekista na paroko. WAWATA na UWAKA wana watu wanaofaa sana kwa kazi hii. Na wasimamizi wa ndoa wachaguliwe kwa mfano wa maisha yao. Uwezo wa kununua zawadi si kigezo. Wao ndio mshenga na kungwi wa leo, na kazi yao haiishii kwenye picha.

Tatu, wazazi na wajomba. Mkae na mpunguze. Mahari inayowafanya watoto wenu waishi miaka kumi bila sakramenti imekwisha kupoteza maana yake ya shukrani. Tena msingoje kuitwa siku ya bahasha tu. Ombeni kuitwa siku ya neno gumu.

Nne, wale ambao mwenzi wao si Mkristo. Hapa Kisaki tunaishi na ndugu zetu Waislamu katika nyumba moja na ukoo mmoja, na wengi hudhani Kanisa haliwezi kuwasaidia. Sivyo. Askofu anaweza kutoa kibali cha ndoa ya namna hiyo kwa masharti yanayolinda imani ya upande wa Kikatoliki na malezi ya watoto, bila kumlazimisha mwenzake kubadili dini. Njooni muulize kabla ya kukata tamaa.

Mwisho, ninyi mnaoishi pamoja na mmeisoma makala hii mpaka hapa. Hatuwaandikii kwa kuwahukumu. Mmelea watoto, mmeuguzana, mmelima pamoja jua na mvua. Wengi wenu mmekwisha kubeba mizigo ya ndoa. Kilichobaki ni kulitamka neno lenyewe mbele ya Mungu na mbele ya watu. Kama kuna kizuizi, kama vile ndoa ya zamani au mambo yasiyoeleweka, kileteni kwa paroko kichunguzwe. Baadhi ya vizuizi huondolewa kwa urahisi kuliko mnavyodhani, na vingine vinahitaji muda na ukweli. Msimu wa ufuta utapita na mwingine utakuja, na kila msimu utakuwa na matumizi yake. Mkisubiri fedha zitoshe, hazitatosha. Ofisi ya parokia i wazi, na mnachohitaji kuja nacho siku ya kwanza ni vyeti vyenu vya ubatizo na ninyi wawili.

Familia Takatifu ya Nazareti iziombee familia zetu.